Mtoto wa Kaimu

Ambokile alikuwa na kawaida moja iliyowachekesha wenzake: hakuwahi kuanza kazi na kaimu bila kumsalimia.

"Kaimu ni sauti tu, mzee," walimtania. "Redio nayo huwa unaijulia hali?"

Yeye aliwajibu kwamba mama yake hakumlea hivyo. Mtu akikaa kwenye kiti cha mwenzake miezi yote hiyo, hata kama hana makalio ya kukalia, anastahili kuulizwa hali.

Asubuhi ile aliingia ukumbini pale Kituo cha Miito, Mbeya, ukungu wa Juni ukiwa bado umeziba madirisha. Akapita kati ya wapokea simu waliojifunga mablanketi miguuni, mpaka akafika kwenye kiti cha Tusekile, mpokea simu aliyekuwa likizo. Kiti kilikuwa kitupu. Juu ya meza iliwaka taa nyekundu ya simu iliyoko hewani, na kwenye spika ndogo sauti ya Tusekile ilikuwa inaongea na mtu aliyeko Makete, sauti ile ya taratibu isiyopanda hata upande wa pili wakiwa wanapiga mayowe.

"Mlaze ubavu. Usimpe maji. Kipanga kimeshapaa, mtakisikia kabla hamjakiona. Usikate simu, nipo na wewe."

Kipanga ni jina ambalo watu wa milimani walizipa ndege za wagonjwa zisizo na rubani. Ndege zilikuwa na akili zao, tena nyingi, lakini hakuna fundi aliyefanikiwa kutengeneza ndege ya kumwambia mama aliyechanganyikiwa amlaze mtoto wake ubavu, na mama akasikia. Kazi hiyo ilibaki kwa watu, nayo ilikuwa inawamaliza watu.

Ambokile alisubiri mpaka simu ikaisha na taa ikarudi kuwa ya kijani.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

Alikuwa ameshaanza kufungua mkoba wake. Makaimu wote aliowahi kuwasalimia walijibu neno hilo hilo, hawajambo, kwa sababu ndilo walilolikuta kwenye rekodi za wenye viti.

"Hawajambo," kaimu alisema. "Ila mtoto."

Ambokile akacheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mtoto yupi?"

"Wangu, mzee. Homa haishuki. Naomba mtu apite nyumbani amwangalie, maana mimi siwezi kuondoka kitini. Mpaka juzi nilikuwa namsikia akilia. Sasa simsikii tena."

Taa ikageuka nyekundu, simu nyingine ikaingia, na sauti ikaendelea na kazi kana kwamba haijasema lolote. Ambokile alibaki amesimama pale, mkono ndani ya mkoba, hakumbuki alikuwa anatafuta nini.

Yeye alikuwa mrejeshaji. Mtumishi aliyeangushwa na msongo wa kazi alipelekwa nyumba ya mapumziko kule Tukuyu, akalala, akala, akatembea mashambani kwenye chai, na alipopona Ambokile alikwenda kumchukua akamrudisha kitini. Wakati huo kiti hakikukaa bure. Mafundi walichukua kila simu ambayo mtu yule aliwahi kupokea na kila neno alilowahi kusema kitini, wakaipika sauti yake upya, wakaiweka ikaimu nafasi yake. Mwenyewe akirudi, wanakabidhiana kama ofisi yoyote inavyokabidhiwa, jambo kwa jambo, mpaka la mwisho lipokelewe, halafu kaimu anazimwa. Asiporudi mpaka likizo inakwisha, kaimu anathibitishwa kazini, na mwenyewe unga wake umemwagika. Likizo ya Tusekile ilikuwa inakwisha kesho.

"Gwakisa," Ambokile alimwita mpokea simu wa kiti cha jirani, mwanamume mnene mwenye utani mwingi. "Hivi Tusekile ana mtoto?"

"Si yule wa marehemu dada yake anayemlea? Maskini, sijaona mtoto wa kuumwa kama yule. Leo malaria, kesho kifua, keshokutwa meno. Tumewahi hata kumchangia dawa."

Siku Tusekile alipoanguka, Ambokile ndiye aliyekwenda nyumbani kwake kumfungia nguo za safari. Alikuta kitanda kimoja, sahani moja, na kandambili za mtu mzima mlangoni. Hakuna mtoto aliyewahi kulala katika nyumba ile.

*

"Hajaharibika," alisema Ndimyake, fundi wa makaimu, baada ya kusikiliza kwa muda mrefu. Alikuwa mama wa makamo asiyependa kupoteza maneno. "Anafanya tulichompikia."

"Tulimpikia mtoto?"

"Tulimpikia woga. Sauti ya mpokea simu tunaichukua pamoja na woga wake, mzee, hatuuchuji. Siku za mwanzo tuliuchuja, tukapata makaimu watulivu kama maji ya mtungi, wakamwacha mjamzito asubiri kipanga cha kesho. Asiyeogopa hawahi. Sasa woga ukikaa ndani ya mtu unatafuta pa kwenda. Kwako utakwenda mgongoni, kwangu tumboni, kwa mwingine utamnyima usingizi. Kaimu hana mgongo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ameangalia mwenye kiti alikuwa anaupeleka wapi wa kwake. Kwenye rekodi zote, kila Tusekile alipozidiwa, alisema kitu kimoja: mtoto anaumwa."

Ambokile alijifuta uso kwa kiganja. Aliuliza kama mtoto huyo anaweza kuondolewa kabla ya makabidhiano.

"Kumfagia ni kazi ya dakika chache. Ila nitamfagia mtoto, homa itabaki. Tulishamfanyia hivyo mmoja huko nyuma. Akawa analia kati ya simu na simu, ukimuuliza analilia nini hajui." Ndimyake alianza kukusanya waya zake. "Mimi siwezi kusikia kitu hicho mara ya pili. Ukitaka kumzima bila makabidhiano, una ufunguo wako wa nguvu. Ukiuzungusha tu, amekufa, na Tusekile anakalia kiti. Sheria inakuruhusu."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi ni fundi, mzee. Kurejesha watu ni kazi yako."

*

Kule Tukuyu alimkuta Tusekile akikunja nguo kitandani, dirisha likiwa wazi na harufu ya chai mbichi ikiingia chumbani. Mashavu yalikuwa yamemjaa. Miezi kadhaa iliyopita alimleta hapa akiwa mifupa mitupu, anashtuka kila kijiko kikianguka, na kumwona hivi kulimfurahisha Ambokile kama kumwona binti yake mwenyewe akitoka hospitalini.

"Baba, karibu! Nimelala kama gogo. Kesho hata uniwekee Makete nzima inaungua, nitaipokea."

"Tusekile. Kaimu wako ana mtoto mgonjwa."

Alicheka kwa nguvu. Halafu akakaa chini polepole, sweta mkononi.

"Yule," akasema.

"Unamjua?"

"Ningesemaje, mzee? Niende kwa msimamizi nimwambie nimechoka kusikia watu wanakata roho? Angeniambia tumechoka wote, jikaze kisabuni. Pale ofisini kuna watu wamemzika bibi mmoja mara tatu, na mara zote tumewapa pole. Mimi bibi sina. Nikasema mtoto anaumwa. Ukisema hivyo hakuna anayekuuliza mara mbili, wanakwambia wahi nyumbani. Nawahi, najifunika blanketi gubigubi, natetemeka mpaka kunakucha." Alilikunja sweta, akalikunjua. "Mwanzo ilikuwa mara mojamoja. Mwishoni mtoto alikuwa anaumwa kila siku."

Ambokile alimweleza yote aliyoyasikia kwa Ndimyake, kufagia na kilio kisichojua kinalilia nini, na ufunguo. Hakumficha kitu. Tusekile alisikiliza akiangalia sakafu.

"Ile ni sauti, mzee. Si mtu."

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi hakuna haja ya kufagia wala kuua. Tukifika kwenye hilo la mtoto, nitasema nimepokea. Neno moja tu. Nimesema uongo mkubwa kuliko huo na watu wakanichangia dawa." Alijaribu kutabasamu. "Nikikikosa kiti kesho narudi Isongole kuchuma majani ya chai ya watu, na mama ananitegemea mimi. Tena naipenda ile kazi. Usinione hivi. Naipenda."

Alilikunja sweta lile lile kwa mara nyingine, akalikunjua tena. Ambokile aliona. Aliona vizuri kabisa, na moyo ukamwambia kitu, lakini hakuwahi katika maisha yake kushindwa kumrudisha mtu, na hakutaka kuanzia kwa huyu. Akabeba begi lake, wakashuka ngazi wakizungumzia bei ya ndizi.

*

Makabidhiano yalifanyika kesho yake mchana, simu zinapopungua. Wenzake Tusekile walimpokea kwa vifijo, Gwakisa akamwambia amenenepa kama mke wa diwani, kisha kila mtu akageukia meza yake. Ambokile alisimama nyuma ya kiti, ufunguo ukiwa mfukoni. Tusekile akaweka kidole gumba kwenye kioo cha mezani.

"Karibu ofisini," kaimu alimwambia. "Pole na safari."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili wale kuongea. Ambokile alishayasikia makabidhiano mengi, lakini hakuwahi kuzoea kusikia sauti moja ikijisalimia.

"Nimeshapoa," Tusekile alisema. "Tuanze."

"Kuna mama mmoja kule Matamba, mimba imetimia, njia kaka yake anaijua. Akipiga, usimsubirishe."

"Nimepokea."

"Uwanja wa kipanga kule Kitulo umejaa tope. Waambie washushie shuleni."

"Nimepokea."

Yakapita mengine kama hayo, na kwa kila moja Tusekile alijibu bila kusita. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Kwa kila neno Tusekile alilolitamka, Ambokile alipumua kidogo zaidi, akaanza kuamini kwamba jambo hili litapita salama.

"La mwisho ni mtoto," kaimu alisema.

"Nimepokea."

Taa ya kaimu haikuzimika.

"Nimepokea," Tusekile alirudia, kwa sauti ya juu kidogo.

"Asante. Jina lake?"

Ambokile alifumba macho. Hilo hawakulifikiria, wala yeye wala Tusekile, na wote wawili walitakiwa kulifikiria. Hakuna mpokea simu anayemwachia mwenzake mgonjwa bila jina. Ndilo jambo la kwanza wanalofundishwa, na Tusekile alilishika kuliko wote. Watu walimtania kwamba anauliza jina hata la mbwa aliyeuma.

"Anaitwa Lusajo," Tusekile akasema haraka.

"Samahani, lakini sidhani." Sauti ilikuwa ya upole. "Nimetafuta kwenye maneno yako yote. Miaka yote hiyo hukuwahi kumpa jina. Umesema anaumwa, umesema homa, umesema halali. Jina hukusema. Na mimi nimekaa naye hapa, nilikuwa namsikia akilia, sijui nimwite nani. Nisingependa aondoke mkononi mwangu hivyo. Jina lake nani?"

Ambokile aliona mabega ya Tusekile yakianza kutikisika, kidogo kwanza, kisha sana. Aliinama kumnong'oneza aseme jina lolote, kisha akajisikia aibu, akainuka.

"Anaitwa Tusekile," akasema Tusekile mwenyewe.

"Umri?"

"Mtu mzima. Ni mtu mzima. Hakuna mtoto, mama. Hajawahi kuwepo. Alikuwa mimi."

Spika ikanyamaza. Kaimu hanyamazi, hana sababu ya kuvuta pumzi, na ukimya ule ulimtisha Ambokile kuliko kilio chochote.

"Anapumua?" kaimu akauliza hatimaye.

"Anapumua."

"Ana homa bado?"

Tusekile alifungua mdomo kujibu. Jibu lenyewe walilijua wote, ni lile ambalo mtu humpa kila anayemuuliza hali, nzuri tu, hatujambo, tunamshukuru Mungu. Alilitafuta likakataa kutoka.

"Bado," alisema, akaangua kilio.

"Usikate simu," kaimu alisema papo hapo, na sauti ikawa ile ya kazini. "Nipo na wewe. Nani yuko karibu na mgonjwa?"

Ambokile alisikia mtu akijibu "Mimi," akagundua ni yeye mwenyewe.

"Jina lako?"

"Ambokile."

"Mzee Ambokile, nisikilize. Mtoe hapo alipo. Mpeleke mahali penye joto. Usimwache peke yake."

"Usimsikilize!" Tusekile alimgeukia, uso umelowa. "Geuza ufunguo, mzee. Geuza tu, nitakaa, nitazoea, si nilizoea mwanzo? Mbona nilikuwa sawa kabisa jana?"

"Mtoe hapo, mzee."

"Nakuomba, baba. Geuza!"

Zilikuwa sauti zile zile, moja ikilia na moja ikiwa tulivu, na Ambokile alikuwa katikati yake na ufunguo kwenye kiganja. Akiugeuza, kaimu anakufa na mwanamke huyu anapata kazi yake, na jioni anajifunika blanketi gubigubi. Asipougeuza, kaimu anathibitishwa, anabaki na homa yake miaka na miaka, na Tusekile anakwenda kuchuma chai. Alimwonea huruma kila mmoja wao. Alijichukia kwa lile sweta la jana.

Akaurudisha ufunguo mfukoni. Akainama kwenye kipaza sauti cha meza, akasema maneno ambayo warejeshaji wote walikuwa na ruhusa ya kuyasema lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuyasema juu ya kaimu.

"Mwenye kiti anaumwa. Apewe likizo."

"Imepokelewa," kiti kilijibu kwa sauti yake kavu ya mashine.

"Kaimu wake naye anaumwa. Naye apewe likizo. Asizimwe, asifagiwe, asithibitishwe. Alazwe."

Kiti kilikaa muda kikitafuta sheria ya kumkatalia. Hakikuipata, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kuiandika. Wakubwa wangeiandika kesho asubuhi, na jina la Ambokile lingekuwa la kwanza mezani, hilo alilijua.

"Imepokelewa," kikasema.

"Mzee." Sauti ya kaimu ilikuwa imeanza kufifia. "Simu zangu atapokea nani?"

"Wenzako."

"Wao hawajambo?"

"Hawajambo," Ambokile alijibu, bila kufikiri, kama anavyojibu mtu yeyote.

Taa ikazimika. Akamvika Tusekile koti lake mwenyewe, akamshika mkono, akamwinua taratibu kutoka kitini. Hakupinga. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko mtu mwenye mashavu yale anavyopaswa kuwa.

Walipopita kati ya meza, simu za kiti kilichofungwa zilianza kujigawa. Taa nyekundu zikawaka huku na huku, palepale zilipokuwa za kijani. Watu wakatupa mablanketi na kunyoosha mikono, na hakuna aliyenyanyua macho kuwatazama isipokuwa Gwakisa. Utani ulikuwa umemtoka usoni. Alivua visikilizio vyake, akavishikilia kifuani.

"Mzee, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho sitaweza kuja. Mtoto wangu anaumwa."

Ambokile alisimama. Alimjua Gwakisa kuwa ni baba wa watoto wengi, na watoto huumwa kweli kila siku katika nyumba za watu. Hata hivyo alimtazama machoni kwa muda mrefu, mkono wa Tusekile ukiwa bado mkononi mwake.

"Anaitwa nani?" akamuuliza.

Gwakisa alifungua kinywa. Taa yake ikawa nyekundu. Akavaa visikilizio, akageukia meza, akasema kwa sauti ya taratibu kabisa kwamba hapa ni Kituo cha Miito, na kwamba anasikiliza.